Uji Usioonjwa

Mukiri hakuwa mtu wa kupokea chakula hivihivi. Ndugu zake walilijua hilo, majirani zake wa kijiji cha Ruiri huko Meru walilijua, na hata Ogle, Msomali aliyekuwa akipita bomani kwake kununua mbuzi, alilijua pia. Kwao, anayekupa kitu cha kunywa hukionja kwanza mbele yako, akameza, ukaliona koo lake likipanda na kushuka, ndipo akakukabidhi. Kikombe ambacho hakijaonjwa hakipokelewi. Na wala huulizi. Kumwambia mtu aonje ni kumwambia usoni kwamba umemdhania muuaji, kwa hiyo mwenye adabu huonja bila kuambiwa, na mgeni mwenye adabu akiona hakijaonjwa hukiweka kando na kuanza kuzungumzia mvua.

Sasa mchukue mtu wa namna hiyo umpeleke kwenye makao ya wazee.

Makao yenyewe yalikuwa mtaa wa Majimbo, Embu mjini, nyumba ndefu ya mabati mekundu yenye veranda na maua yaliyopandwa kwenye ndoo kuukuu za rangi. Kailemia, mwanawe wa pekee, aliyekuwa akifundisha sekondari huko Embu, alimleta baada ya mama yake kuanguka na kuvunjika nyonga. Alimwambia ni kwa muda tu. Mukiri alikuwa amelea mtoto mmoja na mbuzi wengi, na alijua mtu anayesema "kwa muda" huku amebeba begi kubwa namna ile ana maana gani. Lakini nyonga ilikuwa ikimuuma, na nyumbani kwa Kailemia kulikuwa na ngazi, basi akanyamaza.

Chakula cha pale kilikuja kwenye sinia, kimefunikwa, kutoka jiko ambalo hakujua nani yumo. Mhudumu aliweka, akasema "karibu, Shosho", yaani bibi, akaondoka kabla hata hujafunua. Siku za mwanzo Mukiri alizungumzia mvua mpaka akaishiwa nguvu. Wakamwambia daktari kwamba hana hamu ya kula. Hamu alikuwa nayo, tena sana. Alikuwa akiota githeri, mahindi na maharagwe ya nyumbani. Ila hakukuwa na mtu wa kumwonjea.

Aliyemwokoa alikuwa Samsam. Huyu alikuwa msichana wa Kisomali wa Meru mjini, baba yake msafirishaji wa mifugo, aliyekulia nyuma ya soko la Gakoromone akicheza na watoto wa wauza ndizi, kwa hiyo Kimeru chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha Kailemia mwenyewe. Aliona masinia ya Mukiri yakirudi yamejaa. Siku moja akaketi ukingoni mwa kitanda, hakuuliza neno, akachota uji kwa kijiko kingine, akanywa, akameza polepole ili aonekane, kisha akampa kikombe. Mukiri alimtazama sana yule msichana na kitambaa chake cheusi kichwani. Halafu akanywa mpaka akapangusa kikombe kwa kidole.

Tangu hapo ikawa hivyo kila mlo. Wahudumu wengine walimtania Samsam kwamba anakula vya wazee, naye akacheka tu. Mle ndani Mukiri alikuwa na televisheni ya watu wote, blanketi la makao na kitanda kilichowahi kulaliwa na wengine. Kitu chake mwenyewe kilikuwa kimoja tu, kile kijiko cha kwanza.

Halafu, bila sababu, Samsam akaacha kuonja.

Asubuhi ya kwanza Mukiri alidhani amesahau. Msichana aliweka uji, akamnyoosha mto, akasema, "Kunywa tu, Shosho, ni sawa." Neno hilo "ni sawa" ndilo lililomtia Mukiri wasiwasi kuliko lolote. Nani aliuliza kama si sawa? Akakiweka kikombe kando, akasema mvua inaonekana itachelewa mwaka huu. Samsam alimtazama kwa macho ya huruma, akafungua mdomo, akaufunga tena, akaenda zake.

Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa. Mukiri akaanza kumchunguza, maana macho yake hayakuwa yamevunjika. Msichana alikuwa amebadilika. Midomo ilikuwa imekauka, mwendo umekuwa mzito, na mchana wenzake walipokaa chini ya dirisha la jiko kula, yeye alijitenga. Hakula chakula cha pale. Hata maji ya pale hakugusa. Sasa, mtu anayefanya kazi mahali na hataki hata maji ya mahali hapo, anajua nini ambacho sisi hatukijui?

Swali hilo alimpelekea Riungu, dereva mstaafu wa lori kutoka Nkubu, ambaye kiti chake cha verandani kilikuwa jirani na cha Mukiri. Riungu alikuwa na meno machache na maoni mengi. Alilisikiliza jambo lile kwa furaha ya mtu ambaye hajapata habari mpya tangu ang'olewe jino la mwisho la kutafunia majani ya muguka. Akasema yeye naye ameona. Akamkumbusha Mukiri habari za Cicily, yule bibi wa kitanda cha karibu na mlango, aliyeondolewa asubuhi moja akitapika na hakurudi. Matroni Winfred alisema ni presha.

"Na ni nani alimlisha asubuhi hiyo?" Riungu akauliza, ingawa jibu alikuwa nalo.

Alikuwa Samsam.

Mukiri hakupata raha tena. Alijiambia kwamba Riungu ni mzee mropokaji, na kweli alikuwa mropokaji, lakini ubaya wa mropokaji ni kwamba mara nyingine anapatia. Akaanza kumwaga uji kwenye ndoo ya maua iliyokuwa karibu na kiti chake, akingoja kila mtu ageuke. Ua lilikuwa zuri, jekundu. Baada ya siku chache likanyauka, likalala upande. Mtu mwingine angefikiri kwamba ua lolote likimwagiwa uji wa moto kila siku litakufa. Mukiri hakufikiri hivyo. Alimwita Riungu, akamwonyesha kwa kidevu, na wote wawili wakalitazama lile ua kwa kimya cha mazishi.

Kilichommaliza kabisa alikiona asubuhi iliyofuata. Alikuwa amejikokota na mkongojo wake hadi mwisho wa veranda, mahali ambapo dirisha la jiko huonekana kwa upande. Samsam alikuwa ndani, peke yake, ameshika kikombe cha Mukiri, kile cha buluu chenye mpini uliovunjika. Alichovya kijiko, akautia uji mdomoni. Moyo wa Mukiri ukaruka kwa furaha: kumbe bado anaonja, anaonja huko huko. Ndipo Samsam akainama kwenye sinki, akautema. Akasukutua, akatema tena, akafuta mdomo kwa upande wa kiganja. Halafu akakiweka kile kikombe kwenye sinia na kuja nacho.

Katika maisha yake yote Mukiri aliwahi kuona watu wakikataa kuonja, na alijua maana yake. Mtu wa kuonja akatema hakuwahi kumwona. Huyu alijua kilichomo hadi aliogopa hata mate yake mwenyewe.

Kuanzia hapo hakuzungumzia mvua, hakumwaga, hakujifanya. Alifunga mdomo tu. Si uji, si ugali, si chai. Alikunywa maji ya bomba ya bafuni, aliyoyafungua kwa mkono wake. Vidonge alivificha chini ya ulimi na kuvitema kwenye leso. Kisha akachukua simu yake ndogo akampigia Kailemia, akamwambia kwamba kuna msichana hapa anayetaka kumuua.

Kailemia hakuamini habari ya sumu, ila aliamini kwamba wahudumu wa siku hizi hawafai, na hilo lilimtosha. Alimpigia Winfred papo hapo. Mukiri alikuwa kwenye kiti chake verandani mchana ule Winfred alipomvuta Samsam pembeni na kumwambia, kwa ile sauti ya kunong'ona inayosikika hadi barabarani, "Mwalimu anakuja Jumapili. Amesema akikupata hapa anapeleka mambo kwa kaunti. Mimi sina nguvu ya kubishana na yeye. Hiyo Jumapili usikuje, na tuone kama utarudi."

Samsam aliuliza amekosa nini. Winfred alimwambia. Msichana akageuza kichwa, akamtazama Mukiri moja kwa moja, na Mukiri akatazama ua lililokufa. Alitaka kujisikia mshindi. Alijisikia njaa.

Siku iliyofuata hakuweza kuamka. Mikono ilimtetemeka, na dari ilikuwa ikisogea. Alisikia Winfred akisema kwenye simu kwamba ikifika jioni akiwa bado hivi atapelekwa hospitali akatiwe maji kwa mshipa, na akasikia pia ile sauti aliyoitumia kuhusu Cicily. Akaelewa kwamba anaweza kufa humu, kwa sumu au bila sumu. Akaogopa kama mtoto.

Jua lilikuwa limesimama katikati Samsam alipoingia na kikombe cha buluu. Alionekana amechoka zaidi ya siku zote. Akaketi mahali pake pa zamani, ukingoni mwa kitanda, akakishika kikombe kwa mikono miwili. Hakusema kwamba ni sawa.

"Onja," Mukiri akasema.

Neno hilo hakuwahi kumwambia mtu tangu azaliwe. Lilimtoka kavu, na mara tu lilipotoka aliona aibu, lakini hakulirudisha.

Samsam alitazama dirishani. Nje kulikuwa na mwanga mkali mweupe juu ya mabati ya jirani.

"Nikionja, utakunywa yote?"

"Nikikuona ukimeza."

"Na dawa je?"

"Meza kwanza wewe."

Msichana alifumba macho. Midomo yake ikacheza kidogo, kama anaomba radhi kwa mtu asiyeonekana. Akapeleka kikombe mdomoni. Hakunywa tone la ncha ya ulimi; alipiga funda zima, na koo lake likapanda, likashuka, wazi kabisa. Akampa Mukiri kikombe. Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kwenye kitambaa, naye hakuyafuta.

Mukiri alikuwa ametoa neno lake, na neno ni neno. Alikunywa mpaka mwisho na kumeza vidonge. Lakini kila funda lilishuka na swali. Mtu halii kwa sababu ya uji. Analia kwa sababu anajua. Pengine wameamua kufa pamoja, au msichana ana dawa ya kuzimua sumu atakayokimbilia huko jikoni. Alipobaki peke yake akajifunika, akaanza kungoja. Alimwita Riungu mlangoni, akamwagiza kwamba akifa azikwe Ruiri, si Embu, na kwamba Lorna, mke wa Kailemia, asiruhusiwe kuimba kwenye mazishi, maana sauti yake anaijua. Riungu aliahidi kwa uzito mkubwa.

Hakufa. Alasiri ilipoanza kupoa mikono iliacha kutetemeka, dari ikatulia, na alichosikia tumboni hakikuwa sumu bali ni joto la kushiba.

Winfred akaja kumtazama kabla ya gari la hospitali kuitwa, akashangaa kumkuta ameketi.

"Shosho, nasikia umemaliza uji. Ni nani amekulisha?"

"Yule wako. Nilimwambia aonje, akaonja."

"Akaonja akatema?"

"Akameza. Nilimwona kwa macho yangu."

Winfred akaketi kwenye kile kiti cha wageni ambacho huwa hakikai mtu. "Shosho, huyo amefunga. Ni Ramadhani. Hawawezi weka hata maji kwa mdomo wakameza mpaka jua iingie."

Winfred akaendelea kueleza. Kwamba tangu jiko limpelekee mzee mmoja uji wa moto ukambabua ulimi, Samsam hapeleki kikombe cha Mukiri bila kukijaribu kwanza, na kwamba mfungaji anaweza kuonja kwa haja ya kazi mradi ateme na asukutue. Kwamba ni yeye Winfred aliyekataza wahudumu kuzungumza habari za dini na wazee, baada ya familia moja kuja juu kwa sababu baba yao aliombewa na mtu wa kanisa jingine. Samsam alishika amri, akanyamaza. Mukiri akauliza kuhusu Cicily. Winfred akasema Cicily yuko Runyenjes kwa binti yake, na anakula kuliko mwenye nyumba.

Kama angekuwa Ruiri, Mukiri angelijua jambo hili bila kuambiwa. Angeliona kwa Ogle. Kila mwaka ulikuwapo mwezi ambao Ogle aliketi kivulini bomani kwake na vumbi la njia nzima midomoni, asitake hata maji, na yeye Mukiri alimfunikia kibuyu cha maziwa pembeni hadi jua lizame, kisha akayaonja, akampa. Aliyajua haya yote. Lakini Ruiri miezi ilikuwa na nyuso zake. Mle ndani miezi yote ilikuwa mmoja, televisheni ikiwaka na masinia yakiingia na kutoka, na yeye aliuacha mwezi mzima wa watu upite mbele yake akiuita sumu.

Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka. Akachukua mkongojo.

Samsam alikuwa kwenye kidato cha mlango wa jiko, na tende zake kwenye karatasi, akisubiri adhana ya mjini kama siku nyingine zote. Mukiri alijishusha taratibu mpaka akaketi kando yake, na ilichukua muda, na msichana alimshika kiwiko.

"Mbona hukuniambia tu?"

"Ungeniamini?"

Mukiri alifikiri. Angeweza kusema ndiyo, lakini alikuwa amechoka na uongo. "La," akasema.

"Siku yangu nitailipa mwezi ukiisha, Shosho. Wewe ukifa nitakulipa na nini?"

Jumapili Kailemia alikuja amevaa koti, amejiandaa kugombana. Mukiri alimwambia kwamba aliona vibaya, na kwamba msichana yuko kazini na atakaa kazini, na asiyetaka aje amtoe yeye kwanza. Mwalimu alianza kusema mama, lakini wewe mwenyewe ulinipigia simu. Mukiri akamwambia kweli alipiga. Kisha akakisogeza mbele yake kile kibakuli cha plastiki cha kuku ambacho Kailemia alimletea kila Jumapili.

"Huyu kuku wako, umewahi kumwonja mbele yangu hata siku moja?"

Kailemia akacheka, akaona mama yake hacheki. Alikichukua kipande cha paja, akakitafuna, akameza. Ndipo Mukiri akala, na kwa mara ya kwanza mwanawe alikaa hadi sahani ikaisha.

Mwezi ukaisha, Idd ikapita, na kijiko cha kwanza kikarudi kitandani pa Mukiri kama zamani. Mvua nazo zikaanza. Asubuhi moja ya kawaida Samsam aliweka kikombe cha buluu, akashika kijiko, akasita. Mukiri alikuona huko kusita. Kitu kama kile hakingempita tena.

"Ile siku yako unailipa leo?" akauliza.

Samsam akatikisa kichwa kukubali.

Mukiri akasema uji auache. Mchana alikula ugali na kumeza dawa zake kwa sababu msichana alisimama juu yake kama askari, lakini kikombe hakukigusa. Alikiweka dirishani, amekifunika kwa kisosi. Winfred alipita akakiona, akarudi tena akakiona bado, na uso wake ukabadilika. Alimuuliza Riungu kama Shosho ameanza tena yale mambo. Riungu, ambaye hakujua lolote, alisema alilitarajia hilo, na Winfred akaenda kutafuta namba ya Kailemia.

Jua lilipozama nyuma ya mawingu na adhana ikasikika kwa mbali kutoka mjini, Mukiri alikuwa tayari kwenye kidato cha mlango wa jiko. Alikuwa amewaamuru wa jikoni wamchemshie upya uji wake, akisimama pale pale kuwatazama, maana wa jikoni bado hakuwaamini. Samsam akatoka na tende zake. Akamkuta bibi ameshika kikombe cha buluu kwa mikono miwili.

Mukiri alisubiri msichana aketi, na aangalie. Akapiga funda, akameza polepole, akiinua kidevu ili koo lake la kizee lionekane vizuri likipanda na kushuka. Kisha akamkabidhi.

"Nimeonja," akasema. "Kunywa, mwanangu."

Samsam alikipokea, akanywa. Matone yalianza kugonga mabati, na Mukiri akasema mwaka huu mvua imekuja vizuri.